Kitendawili cha Barafu Itembeayo

Kitendawili!

Tega!

Kila siku nasonga mbele, lakini kila mwaka mwisho wangu uko nyuma zaidi.

Fikirini taratibu. Kivuli? Hapana, kivuli jioni hurefuka. Bibi harusi mwenye haya? Jibu hilo nimelipenda, lakini silo. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Tanga, ahsanteni. Nimekwenda Tanga, nimekula machungwa nikashiba, wenyeji wanawasalimu sana. Jibu lenyewe ni barafuto, yaani ule mto wa barafu unaoshuka kutoka mlimani.

Naona mmoja wenu amekunja uso. Barafu inakwendaje, na ile ya kwenye friji ukiiacha Jumatatu utaikuta palepale Ijumaa? Usione haya kuuliza. Hata Ulaya, kwenye barafu tele, wasomi walibishana juu ya jambo hili miaka mingi, ilhali wachungaji wa milimani walikwisha kuona mawe yaliyo juu ya barafu yakihama mwaka hadi mwaka. Msomi hakubali mpaka apime. Mwaka 1827 Mswisi mmoja, Franz Josef Hugi, alijenga kibanda juu ya barafuto ya Unteraar, katika milima ya Alpi nchini Uswisi. Kila aliporudi alikuta kibanda kimehama, akaandika kimefika wapi, akayaacha maandishi yake ndani ya chupa chini ya rundo la mawe. Mwaka 1839 akapita Mswisi mwingine, Louis Agassiz, akakikuta kibanda pamoja na chupa. Wakati huo kilikuwa zaidi ya kilomita moja kutoka mahali kilipojengwa, na hakuna mtu aliyekisukuma.

Sasa tuingie ndani ya barafu tuone kinachoendelea. Huko juu kabisa mlimani theluji huanguka majira ya baridi, na wakati wa joto haiishi yote. Ya mwaka unaofuata huanguka juu ya masalio hayo, na ya mwaka wa tatu juu ya hizo mbili. Theluji ya chini hugandamizwa, hewa yake hutoka, na baada ya miaka kadhaa inakuwa barafu ngumu ya rangi ya buluu. Barafu hiyo imejengwa kwa fuwele, na kila fuwele ina tabaka nyembambanyembamba kama karata za kuchezea. Weka pakiti ya karata mezani, ikandamize huku ukiisukuma kwa ubavu: karata zitateleza moja juu ya nyingine wala hakuna itakayovunjika. Barafu iliyo chini ya uzito mkubwa hufanya vivyo hivyo. Haipasuki, inajivuta polepole kufuata mteremko. Ile ya juu haina uzito wa kutosha wa kuilainisha, kwa hiyo yenyewe hupasuka, na ndiyo maana uso wa barafuto una nyufa za kutisha zinazoweza kwenda chini mita 30 au zaidi. Theluji changa hufunika midomo ya nyufa hizo, na mtu asiyejua akikanyaga hapo huondoka machoni pa wenzake. Wapanda milima hufungana kamba kwa sababu hiyo.

Mtaniuliza, ya nini kwenda Uswisi na sisi tuna Kibo, kilele cha Kilimanjaro? Swali la haki. Barafu ya kileleni Kibo imekaa juu ya uwanda, ni nyembamba, na imegandamana na mwamba ulio chini yake, kwa hiyo karibu haiendi popote. Tena sisi tulio karibu na Ikweta hatuna majira ya joto na ya baridi kama ya Ulaya. Kule juu tofauti ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti ya Januari na Julai. Hadithi ya leo inataka barafu nene, mteremko, na miezi minne ya jua kali baada ya miezi mingi ya theluji. Kwa hiyo fungeni koti tupande Aletsch.

Aletsch ndiyo barafuto kubwa kuliko zote za Alpi, na urefu wake unafika kama kilomita 20. Juu, mito kadhaa ya barafu hukutana kwenye uwanja mpana uitwao Konkordia, na hapo unene wa barafu ni kama mita 800. Kila mto huja na kifusi chake cha mawe kutoka kuta za bonde lake. Mito miwili inapoungana, vifusi vya kando hujikuta katikati, na hivyo ndivyo ilivyopatikana ile mistari myeusi inayokwenda sambamba kutoka Konkordia hadi chini, utadhani barabara ya lami imetandazwa juu ya barafu. Mwendo wa hapo Konkordia hukaribia mita 200 kwa mwaka, maana yake nusu mita kila siku. Ukikaa juu ya jiwe ukala chakula chako cha mchana, jiwe limekupeleka kidogo na wewe huna habari.

Nusu mita hiyo lakini ni hesabu ya wastani, na wastani huficha mambo. Barafuto haitembei sawasawa mwaka mzima. Nikiwauliza ni mwezi gani inakwenda mbio zaidi, wengi mtajibu Agosti au mwisho wa Julai, kwa kuwa ndiyo miezi ya joto kali. Na hapo ndipo watu wazima nao hukosea.

Sikilizeni. Mwezi Mei barafuto bado imejifunika theluji nyeupe. Weupe huo ni ngao, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga wa jua hugonga na kurudi angani. Hata hivyo siku zinarefuka, na theluji huanza kutoa maji. Maji hayo hupenya, huingia kwenye nyufa na kwenye visima ambavyo maji yenyewe huvichimba katika barafu, hushuka mamia ya mita mpaka kwenye mwamba. Yakifika huko hayakuti njia. Majira yote ya baridi hakukuwa na maji ya kutosha, na mahandaki yaliyochimbwa na maji ya mwaka jana yamebanwa na uzito wa barafu mpaka yakazibika. Maji yanaendelea kuja kutoka juu na yaliyo chini hayana pa kutokea, kwa hiyo shinikizo lake linapanda mpaka linaibeba barafu yenyewe, kidogo tu. Barafu iliyokuwa imejishikiza kwenye mwamba inapunguza mshiko. Inateleza.

Hili limepimwa. Mtafiti Almut Iken na wenzake walikwenda kwenye Unteraar, barafuto ileile ya kibanda cha Hugi, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1983 walionyesha kwamba mwanzoni mwa msimu wa kuyeyuka uso wa barafu huinuka kwa takriban nusu mita, na kwamba mwendo huwa mkali zaidi wakati ule ule inapokuwa inainuka. Barafu yenye unene wa mamia ya mita, inainuliwa na maji! Mimi nimeyasoma hayo mara nyingi na bado napenda kuyasimulia.

Kisha inafika Julai, jua linachoma, maji ni mengi mara dufu, na barafuto… inapunguza mwendo. Kwa nini? Maji yanayopita kwa nguvu hubeba joto kidogo, na joto hilo linakula kuta za vijia vyake. Kijia kidogo kinakuwa mfereji, mfereji unakuwa handaki ambalo mtu mzima angeweza kusimama ndani. Sasa maji yana barabara. Yanashuka, yanapita, yanatoka, na shinikizo chini ya barafu linashuka. Barafu inaukalia tena mwamba. Kwa hiyo mbio za mwaka huonekana zaidi mapema, siku zile maji yanapofika bila kutarajiwa. Agosti ina maji mengi kuliko Juni, lakini maji ya Juni ndiyo yenye fujo.

Ndani ya siku moja pia kuna mtindo huo kwa udogo. Alfajiri uso wa barafu umekauka na kuganda, vijito vimenyamaza, unasikia viatu vyako tu vikikwaruza. Saa nne asubuhi vijito vinaanza kunong'ona. Saa tisa alasiri ni ngurumo: kila mahali maji yanakimbia juu ya barafu tupu, yanapinda, yanafika kwenye kisima na kutumbukia. Mto unaotoka chini, kwenye mdomo wa barafuto, unafura kuanzia alasiri mpaka jioni, na rangi yake ni kijivu cheupe kwa sababu umejaa unga wa mawe. Barafu huwa imeshika mawe kwa chini, na inapoteleza huyasaga juu ya mwamba. Mtu anayevuka mto huo asubuhi na kupanga kurudi jioni kwa kivuko kilekile anaweza kulala upande wa pili.

Kuhusu visima hivyo, nina kisa. Mwaka 1841 yuleyule Agassiz alitaka kuona tabaka za buluu zilizo ndani ya barafu zinashuka mpaka wapi. Rafiki zake wakakipindisha kijito kilichokuwa kikiingia kisimani, wakasimamisha magogo, wakamfunga kamba akiwa amekalia kibao, wakamteremsha. Alishuka akitazama kuta za buluu zikimzunguka. Yapata mita 24 chini, kisima kiligawanyika mara mbili; akajaribu upande mmoja, haukupitika, akachukua wa pili. Akiwa kwenye mita 38 hivi, miguu yake ikazama katika maji ya baridi kali. Akapiga kelele avutwe juu. Wa juu hawakumwelewa, wakazidi kumteremsha! Akapiga kelele nyingine, hiyo ikaeleweka, na safari ya kurudi ikawa mbaya kuliko ya kwenda, kwa kuwa vijiti vya barafu vyenye ncha kali vilining'inia juu ya kichwa chake na kamba ilikuwa inavigusa. Alitoka mzima. Baadaye alikiri kwamba hangemshauri mtu kumfuata pasipo sababu kubwa ya kisayansi, nami nawaambia hata mkiwa nayo, msimfuate.

Tuendelee na msimu. Kadiri wiki zinavyopita, mpaka wa theluji unapanda mlima. Chini ya mpaka huo barafu tupu iko wazi, nayo ni ya kijivu, ina vumbi, ina masizi, ina viumbe vidogo vya rangi, na kitu cheusi hunyonya jua. Kwenye ulimi wa chini wa Aletsch msimu mmoja wa joto unaweza kula mita 10 za unene. Mawe yaliyo juu yake huonyesha mchezo wa ajabu. Jiwe dogo jeusi likipigwa na jua hupata moto, huyeyusha barafu iliyo chini yake, na huzama kwenye tundu lake lenyewe. Jiwe kubwa pana hufanya kinyume: ni nene mno kupata moto mpaka chini, kwa hiyo huikinga barafu iliyo chini yake na jua. Barafu ya pembeni inashuka, ile iliyokingwa inabaki, na kufikia Agosti jiwe limesimama juu ya mguu mmoja wa barafu kama meza. Kwa kuwa huko jua la mchana hupita upande wa kusini, mguu huliwa zaidi upande huo, meza inainamia kusini, na siku moja jiwe linateleza na kuanguka. Kisha linaanza kujijengea mguu mpya.

Hapa sasa tunaweza kukitegua kile kitendawili. Barafuto hupata theluji juu na kuipoteza chini. Barafu inashuka kila siku ili kujaza kinachopotea, na haijawahi kugeuka ikapanda mlima. Ila ikiwa kinachoyeyuka chini ni kingi kuliko kinacholetwa, mdomo wake huhamia juu bondeni mwaka hadi mwaka. Barafu inakwenda mbele na mwisho wake unarudi nyuma, yote mawili kwa pamoja.

Kwa sababu mwendo huo unapimika, mtu anaweza hata kutabiri. Mwaka 1820 msafara wa Daktari Joseph Hamel ulikuwa unapanda Mont Blanc, upande wa Ufaransa, theluji ikaporomoka na waongozaji njia watatu wa msafara wakafukiwa kwenye ufa. Miaka mingi baadaye Mskoti James David Forbes, aliyeanza kupima mwendo wa barafuto za Chamonix mwaka 1842, alipiga hesabu akasema miili itatokea chini baada ya kama miaka 40 tangu ajali. Ilianza kutokea mwaka 1861, kwenye barafuto ya Bossons, pamoja na vitu vyao, hata paja la kondoo lililokuwa chakula cha safari. Wakati huo walikuwapo bado wazee wa Chamonix waliowafahamu marehemu wakiwa vijana.

Watu wa chini ya Aletsch nao walikuwa na hesabu yao na barafu. Zamani barafuto ilikuwa inakua, na ziwa lililozuiwa na ubavu wake lilikuwa likipasua njia na kufurika mpaka vijijini. Mwaka 1678 wakazi wa Fiesch na Fieschertal waliweka nadhiri ya kumwomba Mungu aizuie barafu. Waliomba vizazi na vizazi, na kila tarehe 31 Julai wakatoka kwa maandamano ya sala. Kisha barafu ikarudi nyuma, ikazidi kurudi, mpaka wajukuu wa wajukuu wakaona maombi yamepitiliza. Nadhiri haibadilishwi hivihivi, kwa hiyo wakaomba ruhusa Vatikani, na mwaka 2010 Papa Benedict XVI akaridhia. Siku hizi wanaomba barafu isiyeyuke.

Tukirudi kwenye msimu wetu, mwezi Septemba hupanda watu wa vipimo. Walikwisha kutoboa barafu kwa keekee za mvuke na kusimika vigingi virefu ndani yake, na sasa wanakuja kusoma. Kigingi kilichozama chote mwanzoni mwa msimu kimechomoza mita kadhaa, na hizo ndizo mita zilizoyeyuka. Kwa vyombo vya satelaiti wanaona pia kigingi kimesafiri umbali gani. Juu zaidi wanachimba shimo kwenye theluji iliyosalia, wanaipima uzito, wanajua barafuto imebakiwa na nini. Mwaka wao wa hesabu hufungwa tarehe 30 Septemba, kwa kuwa karibu na hapo theluji mpya huanza kuanguka na kufunika kila kitu.

Hesabu ya mwaka 2022 iliwashtua hata wao. Majira ya baridi yalileta theluji kidogo. Mwezi Machi upepo ukavuka bahari na vumbi la jangwa la Sahara, vumbi la bara letu hili, ukalimwaga juu ya Alpi, na ile ngao nyeupe ikawa na rangi ya hudhurungi kabla msimu haujaanza. Tarehe 25 Julai mpaka wa hewa ya kuganda juu ya Uswisi ulipanda hadi mita 5,184, wakati Mont Blanc wenyewe hauna hata mita 4,820. Siku hiyo hapakuwa na kilele chochote cha Alpi kilichofikia baridi ya kuganda. Barafuto za Uswisi zilipoteza kama asilimia 6 ya barafu yake katika mwaka huo mmoja, na mwaka uliofuata zikapoteza nyingine asilimia 4. Kwenye barafuto ya Rhône, ambako wenyeji huchonga pango la kuonyesha wageni, barafu hufunikwa kwa vitambaa vikubwa vyeupe wakati wa joto ili angalau pango lisiyeyuke mapema. Vinasaidia palepale vilipotandikwa, na hapo tu.

Mkitaka kuona kwa macho namna Aletsch inavyopungua, msitazame mdomo wake, tazameni nyumba ya wapanda milima iliyo juu ya Konkordia. Ilipojengwa mwaka 1877 ilikuwa mwambani, kama mita 50 tu juu ya barafu. Nyumba haijashuka wala kupanda. Anayefika leo akitokea kwenye barafu anakuta ngazi za chuma zimepigiliwa ukutani mwa mwamba, vipandio zaidi ya 400, naye akiwa na mzigo mgongoni baada ya kutwa nzima ya kutembea. Na kila barafu inapozidi kushuka, mafundi huja kuongeza vipandio vingine kwa upande wa chini.